Yowe Nililomfundisha

Mimi nina hasira. Naanza na hilo nisije nikaonekana malaika huko mbele. Kazi yangu ni kukaa na watoto waliopigwa, waliokatwa, walioona mambo ambayo mtu mzima angeyaona angeshindwa kula, na kuwasaidia wao na wazazi wao wapate angalau kulala. Ni kazi ya watu wapole. Wenzangu ofisini, Gitega nchini Burundi, wanaongea kwa sauti ya chini kama wako msibani. Mimi nikimsikia mzazi anasema "nilimrekebisha kidogo tu," na mtoto jicho limefunga kwa uvimbe, damu inanichemka mpaka masikio yanaziba. Nimejizoesha kushika kalamu kwa mikono miwili, ili mikono iwe na shughuli.

Nilizaliwa kambini, Tanzania, mama alivuka mpaka nikiwa tumboni. Baba alikuwa akimpiga kwa mpini wa jembe. Si kila siku, sitamsingizia: siku za mgao, akishauza unga akanywa. Nilipokuwa na miaka minane hivi, siku moja nilitoka nje, nikasimama katikati ya njia, nikapiga yowe. Sungusungu wa kambi wakaja mbio, vijana sita, wakimbizi wenzetu, wana filimbi na fimbo. Wakamtoa baba, wakamcharaza fimbo za matako mbele ya majirani, wakamfunga kwenye nguzo ya bomba la maji mpaka pombe ikamtoka. Alirudi nyumbani mpole kama kondoo. Mwezi mzima mama hakuguswa. Tangu hapo nikaliamini yowe kama watu wengine wanavyoamini maji ya baraka.

Kwa sababu ya Kiswahili changu cha kambini, nikapewa Butihinda. Ni huko Muyinga, karibu na mpaka, na familia nyingi zimerudi kutoka kambi hizo hizo. Watoto Kirundi wanakiongea kwa kubahatisha, wakiumia wanalia kwa Kiswahili. Kila baada ya wiki mbili nilipanda basi Gitega mpaka Muyinga mjini, halafu pikipiki, na siku ambazo mafuta hayapatikani, baiskeli, nimekaa nyuma kwenye keria kama gunia la mihogo. Nilifika vumbi limenijaa mpaka kope.

Tulikutana chini ya paa la bati nyuma ya kanisa, watoto kumi na kitu. Tulichora, tulicheza, tulijifunza kupumua polepole wakati moyo unapokimbia. Hayo yalikuwa kwenye mwongozo. Halafu, kwa kichwa changu mwenyewe, nikaongeza somo ambalo halikuwemo. Niliwaambia: mtu akikupiga nyumbani, usijikunje pembeni. Toka nje, simama uwanjani, piga yowe. Watu watakuja.

Tukafanya mazoezi. Wee! Walipiga kelele mpaka mbuzi wa katekista akakata kamba. Tulicheka sana siku ile. Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi na moja ambaye sauti yake haikutoka. Ilikuwa inakwamia kooni, inaisha. Nilirudi kwake mara tano. "Itoe tumboni, mwanangu," nilimwambia, nikambonyeza tumbo kwa kidole. Mara ya sita ikatoka. Nywele zilinisimama. Nikampigia makofi, na wenzake wote wakampigia, na yeye akacheka huku ameziba uso kwa viganja.

Nilijua kwa nini namchagua yeye. Baba yake alikuwa akimchapa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ule mweusi uliokatwa ukanda, ambao hauachi jeraha ila unaacha mstari ulioinuka, mmoja juu ya mwingine. Niliona mistari ile shingoni mwake. Huyo baba naye nilikuwa nimekaa naye mara mbili. Alipokuwa mdogo kuliko binti yake, nduguze waliuawa juu yake, na yeye akabaki chini yao mchana kutwa akijifanya amekufa. Alinieleza hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alipotoka kambini alikuta shamba la wazazi wake linalimwa na jirani aliyekaa humo miaka ishirini. Wazee wa upatanishi wakaligawa katikati. Yeye akakaa juu, jirani akakaa chini, na wote wawili wakaona wameibiwa. Hakuweza kumpiga jirani. Alimpiga mtoto. Nilimhurumia na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na sijaacha hata kimoja.

Sasa nieleze siku yenyewe. Sikuwepo. Nimeipata kwa mama wa yule msichana, kwa msichana mwenyewe baadaye sana, na kwa waliofanya, na kwa bahati mbaya wote wanasema jambo moja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imekatika, watu wote wako mashambani. Baba alikuwa uwanjani anakata majani ya mbuzi kwa panga. Mbuzi mmoja akamponyoka binti, akaingia kwenye maharage ya jirani wa chini. Baba hakwenda kutafuta mpira wa baiskeli. Alimpiga kwa kile alichokuwa nacho: ubapa wa panga, mgongoni, mara mbili. Mara ya pili mtoto akaanguka. Na hapo, chini kwenye matope, akanikumbuka mimi. Akapiga yowe, kutoka tumboni, kama nilivyomfundisha.

Kambini yowe huleta filimbi na fimbo. Kule kilimani, maana Burundi kijiji ndicho kilima, yowe lina maana moja tu: mtu anauawa. Wao wanaita kuvuza induru. Anayelisikia haulizi, anakuja na alichoshika, na asiyekuja ataulizwa kesho yake mbele za watu kwa nini alikaa. Kila mtu aliyekulia pale anajua hilo kabla hajajua kuhesabu, na anajua pia kwamba halipigwi kwa kipigo cha nyumbani. Mimi sikujua. Nina kitambulisho cha Burundi, nina damu ya Burundi, nilirudi mtu mzima nikajiona nimefika nyumbani, na jambo hilo ambalo kila bibi wa pale angenieleza huku anapepeta mchele sikulijua, kwa sababu sikuuliza. Nilifundisha watoto wa wakimbizi dawa ya kambini kwenye ardhi isiyo kambi.

Wakaja. Walitoka juu na chini, wana majembe, wana mapanga, mmoja alikuwa na mchi. Wakamkuta mtu ambaye miaka miwili mizima wanasikia anataka kuwaondoa kwenye ardhi, amesimama na panga juu ya mtoto aliyelala chini. Nani angeuliza? Jembe la kwanza lilimpata begani, upande wa kisogo cha jembe. Akageuka, panga likamtoka. La pili lilimvunja taya. Akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, na panga la jirani wa chini likaukuta mkono huo huo, juu kidogo ya kifundo. Mama mtu aliniambia ulibaki umeshikiliwa na ngozi, na vidole vilikuwa bado vinajikunja. Akaanguka, wakamkanyaga. Binti alikuwa amemkumbatia baba yake miguu, anapiga kelele waache, waache, na sauti yake siku hiyo ilikuwa kubwa, lakini kelele zilikuwa nyingi na wao walikuwa wameshapandwa na mori. Mama akajitupa juu ya mumewe. Mchi ulimpata mgongoni. Ndipo mmoja akasema, "Mtoto ni mzima," na wote wakasimama wanahema.

Halafu hao hao wakakata miti miwili, wakafunga machela, wakamweka juu yake. Ndivyo ilivyo pale: mgonjwa wa kilima anabebwa na kilima, hata kama nyinyi ndio mliomfanya mgonjwa. Wakakimbia naye mpaka kituo cha afya, wakipokezana. Jirani wa chini alishika mti wa mbele, na damu ya mtu aliyemkata ilikuwa inamdondokea kwenye visigino njia nzima.

Nilipigiwa simu Jumapili, natoka misa. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi za kanisa. Jirani yangu wa Gitega, mama mmoja Mkongo wa Kivu anayeuza vitenge sokoni, aliniinua, akanipeleka nyumbani, akanipa maji. Nikamweleza yote. Nilitaka aniambie si kosa langu.

"Ulibafundisha kuita batu," akasema. "Voilà. Sasa we uliuliza ni batu gani banakuya?"

Nilimtukana. Namshukuru Mungu kwamba alichukua kikombe chake akatoka. Kesho yake nilimwomba msamaha, akanicheka: "Mi nazoea. We iko na pilipili kwenye damu."

Mkuu wangu aliniomba ripoti. Nikaandika kwamba mtoto aliomba msaada wa jamii na jamii ikaitikia. Soma sentensi hiyo mara mbili. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na nikiikumbuka natamani kujitapikia. Nilifunga kompyuta nikaenda chooni, nikapiga ukuta mpaka ngozi ikachubuka.

Baba alihamishiwa Gitega, wakamkata mkono. Mke wake alikaa naye hospitalini kumpikia, na msichana akapelekwa Makebuko kwa mama yake mkubwa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha, yeye hakumkata mtu yeyote. Akaitikia kwa kichwa, kama watoto wanavyoitikia wanapotaka uondoke. Mama yake mkubwa akaniambia hajasema neno tangu aletwe, hata njaa hasemi, hata siku maji ya moto yalipommwagikia mguuni.

Baba naye nilimwambia. Sikutaka alisikie kwa mwingine. Taya lilikuwa limefungwa, aliongea kwa meno yaliyobanana.

"Kumbe ni wewe, dada."

"Ni mimi, kaka."

"Ningesikia yowe kama lile," akasema, "hata mimi ningekuja na panga." Akageukia ukutani.

Baada ya miezi miwili na ushei wakarudi wote Butihinda. Shefu, yaani mkuu wa kilima, alikuwa ameshakata kauli: watu waliitwa, wakaja, hakuna mwenye hatia. Nami nikarudi kwenye paa langu la bati, na watoto wangu, na mwongozo. Somo langu nililifuta. Yule msichana alikuja. Alichora, alicheza mpira, alipumua polepole nilipowaambia wapumue. Hakusema kitu. Nilijiambia ni mshtuko, utapita. Aka! Mtu ukitaka kudanganyika hukosi maneno.

Ilikuwa mara ya tatu au ya nne ndipo nilipoona. Jua kali, wenzake wamevua masweta, yeye amevaa mikono mirefu. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu, nguo ikapanda. Mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kiwikoni, ulikuwa na alama za meno. Meno yake mwenyewe, duara juu ya duara, mengine ya njano, mengine yamepasuka yanatoa maji.

Nikamtoa nje. "Nani?"

Akanong'ona. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ya mazoezi. "Baba akinipiga nauma hapa."

"Anakupiga tena? Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Mbona hu—" nikajiuma ulimi. Lakini alishaelewa.

"Nikilia watamuua," akasema.

Sikumbuki vizuri nilivyopanda kile kilima. Najua nilimshika mkono, najua alikuwa ananivuta nyuma njia nzima. Baba alikuwa ameketi mlangoni, kile kibutu cha mkono kimefungwa kitambaa, anajaribu kupukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Mama alikuwa kisimani. Nilipandisha mkono wa nguo ya mtoto, nikamwekea yale meno mbele ya uso.

"Tazama! Tazama anavyojila ili wewe uishi!"

Akatazama. Akatazama muda mrefu, mdomo wazi, lile taya lake limekaa upande. Na akasema jambo ambalo naamini lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilinitia wazimu.

"Mimi nilidhani simuumizi tena. Halii."

Nikamnasa kofi. Mimi, mwenye vyeti vya kufundisha watu wasipige. Nilimpiga mlemavu aliyeketi chini, kwa nguvu zote, upande ule ule wa taya lililovunjika, na mkono ukarudi juu kwa la pili. Sijawahi kuficha kwamba ilinipa raha. Kwa nukta moja ilinipa raha kubwa, nikajua anachokipata yeye akishika mpira wa baiskeli.

Na mtoto akapiga yowe.

Lilitoka tumboni. Lilishuka kilima chote. Sisi watatu tukaganda. Nilijua, baba alijua, na yeye mwenyewe alikuwa ameshajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, lakini yowe halirudishwi. Tukasikia miguu. Kwanza upande wa juu, kwenye migomba, halafu upande wa chini.

Wakajaa uwanjani. Majembe, mapanga. Jirani wa chini alikuwa mbele tena, anahema, tope mpaka magotini. Mama wa mtoto alifika nyuma yao bila ndoo. Wakaniona mimi nimesimama, baba chini anatoka damu mdomoni, mtoto katikati yetu.

"Nani?" jirani akauliza. "Nani anaua?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni mimi, na huo ulikuwa ukweli wa dakika ile. Sikupata sauti. Niliogopa, nakiri. Niliona yale mapanga na nikaogopa kama mbwa.

Baba akasimama. Alijisukuma kwenye ukuta kwa mkono wake mmoja mpaka akasimama, akauvuta mkono wa binti yake, akaunyanyua wote waone. Mtoto hakuuondoa.

"Ni mimi," akasema. "Ninampiga huyu mtoto. Nilimpiga siku ile na nimempiga juzi."

Hakuna aliyejongea. Mama akaanza kulia taratibu, mikono kichwani. Nilimwona jirani anautazama ule mkono wa mtoto, halafu kile kibutu alichokifanya yeye, halafu tena ule mkono. Panga lilikuwa bado liko juu kidogo, kama amelisahau. Baba alikuwa ameinamisha shingo. Alikuwa anasubiri, na nadhani hakuwa na nia ya kujikinga safari hii.

Kikongwe mmoja aliyekuja na jembe la kupalilia akawapita wanaume wote, akamwinamia msichana. Akamuuliza kwa Kirundi, na alipoona hakujibiwa akamuuliza kwa Kiswahili kibovu, chenye vumbi la zamani.

"We mtoto, we umetuita. Sisi tumekuja. Unataka tufanye nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mimi nilimfundisha kuita, nikamfundisha kupumua, nikamwomba msamaha nimepiga magoti, na sikuwahi kumuuliza anataka nini akishaitikiwa. Alitutazama wote, mmoja mmoja, akaanzia kwenye mapanga. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mtu akasikia.

"Baba asinipige," akasema. "Na nyinyi msimuue."

Jirani wa chini akakaa chini kwenye matope, panga mapajani, akaanza kulia kama mtoto mdogo.